Mke wangu anataka nitupe visu vyangu vyote, hata cha babu

SWALI

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni mwanamume wa miaka 41, mkazi wa Tanga, baba wa watoto watatu. Nafanya kazi katika ofisi ya kupitisha mizigo bandarini. Jambo langu wengine wataliona dogo, ila nyumbani limefika mahali pa kulala tumepeana migongo, ndiyo maana nakuandikia.

Napenda visu vya kukunja. Sisemi mapanga wala majambia. Nasema vile visu vidogo vya mfukoni, vyenye mpini wa mti au mfupa, ambavyo wazee wetu walimenyea machungwa barazani. Ninavyo 23. Nimevikusanya kwa miaka kama 15, vingine kwenye mitumba, vingine kwa mabaharia, vichache nimeagiza. Nina Okapi ya zamani, ile yenye pete mgongoni ambayo hulia kra-kra-kra unapoifungua. Nina Opinel namba 8 ya Ufaransa, nina vyekundu vya Uswisi, nina cheusi cha Kijerumani. Kila asubuhi nachagua kimoja, nakipangusa, nakitia mfukoni. Ofisini nakata kamba, nafungua maboksi, nachonga penseli. Siku nikikisahau mkono unakitafuta kutwa nzima.

Cha kwanza alinipa babu. Alikuwa mnyapara kwenye shamba la mkonge upande wa Muheza, na alipostaafu mwaka 1958 meneja wake alimpa kisu chenye mabapa mawili. Kwenye bapa kubwa, pale linapoingia kwenye mpini, pameandikwa Joseph Rodgers & Sons, Sheffield, England, na kuna taji katikati ya herufi G na R. Mpini ni wa pembe, mweupe ulioiva rangi ya samli.

Ugomvi ulianza mwezi wa tatu. Niliingia benki nimesahau kwamba ninacho. Mashine ikalia, mlinzi akanitoa kisu mbele ya foleni nzima, nikakalishwa pembeni karibu saa moja mpaka akaja mtu anayenifahamu. Mke wangu alikuwa nami. Wiki mbili baadaye mwanangu wa miaka 11 aliichukua Okapi akaenda nayo shule, kuwaonyesha wenzake inavyolia. Mwalimu akatuita wote wawili.

Tangu hapo mama watoto hataki kusikia. Anasema natembea na silaha na namfundisha mtoto uhuni. (Zamani kaka yake aliwahi kuchomwa kisu kwenye ugomvi wa mpira. Alipona.) Anataka nivitupe vyote baharini, hata cha babu. Mimi naona anachanganya mambo mawili yasiyohusiana.

La mwisho. Dada yangu anaishi Leicester, Uingereza, ametualika mwezi wa nane. Nimeangalia ramani, Sheffield si mbali na kwake. Ndoto yangu ni kukipeleka kisu cha babu kule kilikozaliwa, nitembee nacho mfukoni katika mitaa yao. Inaruhusiwa? Na shemeji nimpelekee Opinel iwe zawadi?

Niambie ukweli Mjomba, hata kama ni mchungu.

Mwenye Visu, Tanga


JIBU

Marahaba, mpwa wangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilikuwa nimekiweka mezani kisu changu mwenyewe. Kina bapa moja na mpini wa mpingo, na nimetembea nacho tangu 1989. Baba yangu alikuwa fundi viatu Pangani; kisu alichokatia ngozi mchana ndicho alichotumenyea muwa jioni, akishakiosha. Kwa hiyo usitegemee nikuambie kwamba una ugonjwa. Mtu anayekitunza kisu kidogo, akakinoa mwenyewe, akajua kilitoka mji gani na mikononi mwa nani, ni mtu anayeheshimu kazi ya mikono, nami napenda watu wa namna hiyo.

Lakini yako mambo mawili umeyapitisha mbiombio, na hayo mawili ndiyo yaliyoninyima usingizi. Moja ni neno "pembe". Jingine umelitia kwenye mabano.

Tuanze na pembe, maana hilo haliwezi kungoja mwezi wa nane. Kiswahili chetu kinaita pembe ya ng'ombe, ya kulungu na ya ndovu kwa neno hilohilo moja. Babu alipokuambia mpini ni wa pembe alisema kweli, ila hakukuambia pembe ya mnyama gani. Sheffield walitumia zote, na hao Rodgers walisifika kwa mipini ya pembe za ndovu. Nawe unajua pembe za karne ya 19 zilipitia wapi. Wapagazi walizibeba mabegani kutoka Ujiji na Tabora mpaka Bagamoyo, zikavuka kwenda Unguja, zikauzwa, zikaishia Ulaya na Marekani kuwa vipini vya visu, vitufe vya piano na mipira ya biliadi. Yawezekana kabisa kwamba tembo wa bara aliondoka akiwa mzigo begani mwa mtu, akarudi Muheza akiwa mpini mfukoni mwa meneja.

Leo sheria yetu ya wanyamapori ya mwaka 2009 inaihesabu pembe ya ndovu kuwa nyara ya serikali. Kukutwa nayo bila kibali ni kosa la kifungo cha miaka mingi, na kipande kidogo kilichopigiliwa kwenye kisu nacho ni pembe. Ukivuka mpaka nacho ndiyo unajiongezea: tembo aliingizwa kwenye orodha kali kuliko zote ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini, mwaka 1989, na Waingereza wenyewe wamepiga marufuku biashara ya pembe za ndovu kwa sheria iliyoanza kutumika Juni 2022.

Basi azima kioo cha kukuzia, hata cha fundi saa, ukae penye jua. Ukiona nukta ndogondogo nyeusi na vijistari vifupi, kama pamechomwachomwa kwa sindano nyembamba, huo ni mfupa wa ng'ombe. Visu vingi mno vya mfukoni vya wakati ule vilivishwa mfupa, kwa hiyo tumaini unalo. Ukiona mistari iliyonyooka na kulingana kama imepigwa rula, hiyo ni seluloidi, plastiki ya zamani iliyoundwa kuiga pembe. Sasa tazama kwenye miisho ya mpini, pale ulipokatwa. Ukiona mistari myembamba inakatizana kama ukili wa mkeka, hiyo ni ndovu. Na atakayekushauri uuguse mpini kwa sindano ya moto ili ujue, usimsikilize. Seluloidi hushika moto upesi ajabu.

Ikiwa ni ndovu, usikiuze, usikipige picha ukaisambaza, usikisafirishe hata kwenda Dar. Tafuta wakili, mweleze kilivyokufikia, umwonyeshe hayo maandishi ya kwenye bapa, kisha aende nawe kwa maofisa wa wanyamapori. Huenda ukakikosa, na najua maumivu yake. Lakini ukienda mwenyewe una la kusema, na ukikutwa nacho kwenye mashine ya uwanja wa ndege huna.

Hayo maandishi, kwa njia, yanazungumza. Rodgers walikuwa wakigonga kwenye bapa herufi za mfalme aliyekuwepo. Neno England lilianza kugongwa sana kwenye bidhaa zao baada ya sheria ya ushuru ya Marekani ya 1890 kutaka kila bidhaa itaje nchi ilikotoka. Weka hayo mawili pamoja: G na R hapo ni George Rex, yaani Mfalme George, wa Tano au wa Sita, yaani kisu kilitengenezwa kati ya 1910 na 1952. Babu yako alipewa kitu ambacho tayari kilikuwa kimeishi mfukoni mwa mtu mwingine, au kilichokaa dukani miaka mingi. Mimi naamini la kwanza, maana meneja anayemuaga mnyapara wake hutoa kilicho chake.

Tuseme kioo kimeonyesha mfupa. Unaweza kwenda nacho Uingereza, kikiwa ndani ya sanduku linaloingia tumboni mwa ndege, si kwenye mkoba wa mkononi. Mimi nilipokonywa kisu kizuri mlangoni kwa kusahau hilo tu, na mpaka leo nakikumbuka. Ukishafika, sheria yao ya 1988 inamruhusu mtu kutembea na kisu cha kukunja ambacho makali yake hayazidi inchi 3, yaani sentimita 7.62, bila kudaiwa sababu. Sharti lake ni kwamba kikunjike wakati wowote kwa kukisukuma tu. Chenye kituo kinacholikaza bapa, mahakama zao zinakiona sawa na kisu kisichokunjwa, na hicho lazima uwe na sababu ya msingi ya kuwa nacho mahali pa umma. Kisu cha babu kina springi ya mgongo peke yake, ndivyo vilivyo vya aina hiyo. Pima makali ya bapa kubwa kwa rula. Hayakuzidi inchi tatu? Tembea.

Opinel namba 8 inaanguka mara mbili. Bapa lake ni sentimita 8.5, na tangu 1955 ina ile pete ya shingoni unayoizungusha ikalifunga bapa. Shemeji anaweza kuwa nayo jikoni kwake bila taabu, lakini siku akiitia mfukoni akaenda nayo sokoni atakuwa ameingia matatani kwa zawadi yako. Mpelekee majani ya chai ya Usambara.

Na popote ulipo, usiseme kwamba unabeba kisu kwa ajili ya kujilinda. Kwa Waingereza kauli hiyo inakigeuza kisu cha inchi mbili kuwa silaha hapohapo. Kwetu pia, Kanuni ya Adhabu inamkamata anayetembea na silaha hadharani bila sababu halali kwa namna ya kuwatia watu hofu. Isitoshe, si kweli. Unakibeba kwa kamba na maboksi na chungwa. Sema hivyo.

Sheffield uende hata kama kisu kimebaki Tanga. Uingie makumbusho ya Kelham Island, uone mkusanyiko wa Ken Hawley, mzee aliyetumia maisha yake kuokoa zana na visu vya mji ule visipotee. Chama chao cha wafua visu kiliundwa kwa sheria ya bunge mwaka 1624. Hao Rodgers wa kisu chako walipeleka kwenye maonyesho makubwa ya London ya 1851 kisu kimoja chenye mabapa 75, kikubwa kupita mfuko wowote, kwa ajili tu ya kuonyesha mikono yao inaweza nini. Lakini mimi ningekwenda kwa ajili ya wale mafundi wadogo, waliokodi kijichumba na benchi moja wakaunda kisu peke yao kuanzia chuma hadi mpini. Mmoja wao, Stan Shaw, alianza kazi akiwa na miaka 14 na akafariki 2021 akiwa mzee wa zaidi ya miaka 90. Mtu kama huyo ndiye aliyekigusa kisu cha babu kabla ya babu.

Sasa mabano.

Umeandika kwamba kaka wa mkeo alichomwa kisu, ukaandika "alipona", ukafunga mabano ukahamia Leicester. Mpwa wangu, mkeo hachanganyi mambo mawili. Kwake hayajawahi kuwa mawili. Alikuwa na umri gani siku ile? Nani alileta habari nyumbani? Nani alimshika kaka yake wakati damu inatoka? Naona hujui, maana ungejua usingeandika hivyo. Kwa miaka yote ya ndoa yenu kila asubuhi amekuona ukipangusa bapa karibu na kikombe chake cha chai, akanyamaza kwa sababu anakupenda. Benki ikamtoa kwenye kunyamaza kwake, na shule ikamaliza.

Muulize. Tafuta jioni watoto hawapo, usiwe na kisu mfukoni, na usilete habari za Okapi na Rodgers. Msikilize mpaka mwisho. Akilia, mwache alie. Usijibu kwa hoja hata moja usiku huo.

Baada ya siku kadhaa mwambie utakalofanya, tena ulifanye mwenyewe bila kungoja akubali. Visu 22 viingie kwenye sanduku la mbao lenye kufuli, likae mahali ambapo si chumbani mwenu, na ufunguo umpe yeye. Usimwekee sharti. Ukitaka kuvipangusa au kuvitia mafuta, utauomba. Kitakachobaki cha kila siku kiwe kimoja, kidogo, kisicho na kituo wala pete ya kulia. Hicho chekundu cha Uswisi kinatosha, watu wanakijua, hakimshtui mtu. Kikae kwenye droo ya ofisi. Asubuhi ukichukue, jioni ukirudishe. Benki, mahakamani, hospitali, uwanja wa mpira na msibani usiende nacho. Utaniambia hapo raha ya kuchagua kila asubuhi imekwisha. Imepungua, ndiyo. Mke wako ni mkubwa kuliko raha hiyo.

Kuna adabu ya kisu pia, ambayo nadhani hukufundishwa kwa sababu babu aliiona ya kawaida mno kusemwa. Mama yangu hakumpa mtu kisu mkononi kamwe. Alikiweka chini, kimekunjwa au makali yakielekea kwake, wewe ukaokota. Baba hakufungua bapa mbele ya mgeni kabla ya kusema anataka kukata nini. "Ngoja nikate hii kamba." Maneno machache hayo, na hofu ya mwenzako inatoka kabla haijaingia. Wala usikifungue kwa mbwembwe. Ule mlio unaoupenda uupende ukiwa peke yako.

Kuhusu kijana, sikubaliani na mkeo kwamba ni uhuni. Alipeleka shule kitu ambacho ameona baba yake anakithamini; mtoto wa mwenye redio hupeleka redio. Lakini shule si mahali pake na kosa ni lenu wawili, wewe kwa kukiacha anapofika mkono wake na yeye kwa kukichukua. Nendeni pamoja mkamwombe mwalimu radhi, wewe uanze. Kisha umsimulie hiyo Okapi. Ilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya kuuzwa katika makoloni yao ya Afrika, na sisi tulikuwa mojawapo. Jina ni la mnyama wa msitu wa Ituri, kule Kongo. Siku hizi hutengenezwa Afrika Kusini. Mtoto akijua hayo, kra-kra-kra haitakuwa kitu pekee anachokiona.

Usimpe kisu. Mpe kinoo. Akae nawe Jumamosi, wewe ushike mpini na yeye amimine maji, ajifunze kuona makali yanavyorudi: mgongo wa bapa uinuliwe kidogo tu, unene wa sarafu mbili zilizobebana, mwendo ule ule mwanzo hadi mwisho, pande zote mbili sawa. Ajifunze kwamba chuma cha zamani kikikata ndimu huwa cheusi, na kwamba upepo wa chumvi wa Tanga hula bapa usiku mmoja lisipokaushwa. Tone la mafuta ya cherehani kwenye kiungio, kisha kitambaa. Mwaka mzima wa hayo kabla hajafungua bapa kwa mkono wake. Mama yake akiwaona mnanoa bila haraka, mnaongea taratibu, huenda akapata picha nyingine ya kuiweka karibu na ile ya kaka yake. Sisemi badala yake.

Waingereza wana desturi moja niipendayo. Ukipewa kisu zawadi unampa aliyekupa sarafu, ili kiwe kimenunuliwa, kisije kikakata udugu wenu. Siku kijana atakapofaa kupewa kimoja kati ya vile 22, siku hiyo aichague mama yake, afungue sanduku kwa ufunguo wake, na hiyo shilingi 200 aipokee yeye.

Usisahau kioo cha kukuzia. Niandikie umeona nukta au ukili.

Mjomba